Barua ya Wazi kwa Watunzaji wa Kerneli ya Linux: Kumbukumbu Inayochukuliwa na Kinga za Maunzi Ihesabiwe

Kwa Waheshimiwa Watunzaji wa Kerneli ya Linux, hususan wale waliokabidhiwa sehemu ya usimamizi wa kumbukumbu na sehemu zinazohusu prosesa za x86 na arm64,

Barua hii inaandikwa kwa heshima wanayostahili watu ambao kazi yao, tangu Linus Torvalds alipotoa toleo la kwanza la Linux mwaka 1991, imekuwa msingi wa seva, wa simu za Android na wa mitambo ambayo watumiaji wake wengi hawajui hata kwamba ndani yake mna Linux. Inaandikwa pia kwa malalamiko. Kerneli, yaani ile programu ya kiini inayosimama kati ya maunzi na programu nyingine zote na kuamua nani apewe kumbukumbu kiasi gani, imepokea katika miaka ya karibuni kinga nyingi za usalama zinazotegemea prosesa yenyewe, na karibu kila kinga huchukua fungu la kumbukumbu kwa mahitaji yake. Mwenye mashine akitaka kujua ni kiasi gani kimechukuliwa, na kwa ajili ya kinga ipi, hapati jibu mahali pamoja, na kwa baadhi ya kinga hapati jibu kabisa.

Ieleweke mapema kwamba kinga zenyewe hazipingwi hapa. Microsoft ilieleza mwaka 2019, na mradi wa Chromium ukaeleza mwaka 2020, kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama katika programu zao, kwa Chromium ule mkubwa, ulitokana na makosa ya kushughulikia kumbukumbu, kama vile kuandika nje ya eneo lililotengwa au kutumia eneo ambalo tayari limeachiliwa. Kasoro za namna hiyo haziwezi kumalizwa kwa kuwahimiza wasanidi wawe waangalifu zaidi, na ni haki kwamba prosesa imepewa jukumu la kuzizuia. Kinachodaiwa ni kwamba gharama ya ulinzi huo iandikwe, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari.

1. Kumbukumbu iliyoharibika ina mstari wake. Iliyotengwa kwa ajili ya usalama haina.

Faili la /proc/meminfo, ambalo halikai kwenye diski bali ni taarifa inayotungwa na kerneli papo hapo kila linaposomwa, ndilo daftari ambalo wasimamizi wa mifumo hulifungua kwanza wanapotaka kujua kumbukumbu imekwenda wapi. Humo mna mstari wa PageTables, unaoonyesha kumbukumbu inayotumiwa na majedwali ya kutafsiri anwani, na mna mstari wa KernelStack kwa ajili ya staki za kerneli. Tangu mwaka 2009 mna pia mstari wa HardwareCorrupted, unaotaja kiasi cha kumbukumbu ambacho kerneli imeacha kukitumia kwa sababu maunzi yamegundua hitilafu ndani yake. Ukurasa mmoja wa KB 4 ukifa kwa hitilafu, kifo chake kinaandikwa na msimamizi anaweza kukisoma wakati wowote. GB 4 zikitengwa kwa makusudi, kwa uamuzi wa binadamu, ili kuhifadhi taarifa za kinga, hazina mstari. Kwa mujibu wa daftari hilo, kumbukumbu iliyopotea kwa bahati mbaya inaheshimiwa kuliko ile iliyotolewa kwa hiari, na ni vigumu kuona hoja yoyote ya kiufundi inayohalalisha tofauti hiyo.

2. Kiasi kinachozungumziwa si kidogo.

Mfano wa kwanza ni kinga ya lebo za kumbukumbu katika prosesa za Arm, ijulikanayo kwa kifupi cha MTE. Katika kinga hii, kila kipande cha baiti 16 cha kumbukumbu hupewa lebo ya biti 4, na kielekezi, yaani namba inayoiambia programu data iko wapi, hubeba lebo ya aina hiyo hiyo katika biti zake za juu. Prosesa hulinganisha lebo hizo mbili kila data inapoguswa, na zisipolingana inatambua kwamba programu imegusa mahali pasipo pake. Biti 4 kwa kila baiti 16 ni sehemu moja ya 32, sawa na asilimia 3.125 ya kumbukumbu yote inayoweza kupewa lebo, kwa hiyo simu yenye GB 8 huhitaji takriban MB 256 kwa ajili ya lebo peke yake. Katika mashine ambazo lebo huhifadhiwa ndani ya kumbukumbu kuu, eneo hilo hutengwa na programu dhibiti ya maunzi kabla kerneli haijaamka, na hubaki limetengwa hata kama hakuna programu hata moja inayotumia lebo. Tatizo hilo linajulikana vyema kwa wanaoandikiwa barua hii, maana mwaka 2023 waliletewa viraka vya msimbo vilivyopendekeza kerneli iruhusiwe kuweka data ya kawaida katika eneo la lebo pale lebo zisipohitajika.

Mifano ya pili na ya tatu inatoka kwenye seva za vituo vya data, ambako wateja wengi hukodi mashine pepe juu ya mtambo mmoja. AMD, kwa kinga yake ya SEV-SNP, na Intel, kwa kinga yake ya TDX, zimeahidi kwamba mwenye mtambo hataweza kuisoma wala kuichezea kumbukumbu ya mteja, na ahadi hiyo hutekelezwa kwa sehemu na jedwali linaloandika kila ukurasa wa kumbukumbu ni mali ya nani. Jedwali la AMD, liitwalo RMP, hutumia baiti 16 kwa kila ukurasa wa KB 4, ambazo ni sehemu moja ya 256. Jedwali la Intel, liitwalo PAMT, lina ngazi tatu kulingana na ukubwa wa kurasa, nalo pia hukaribia sehemu moja ya 256 ya kumbukumbu inayowekwa chini ya ulinzi. Kwa seva yenye TB 1, kila moja ya majedwali hayo ni takriban GB 4, na mwenye seva 100 za aina hiyo amelipia GB 400 ambazo hakuna mteja atakayezitumia.

Huenda akalipa kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa faragha ya wateja ina thamani kubwa kuliko GB 400. Swali ni risiti iko wapi. Kwa upande wa TDX, kerneli huandika mstari mmoja katika kumbukumbu za matukio inapowasha kinga hiyo, ukitaja KB zilizotengwa kwa ajili ya PAMT. Kwa upande wa SEV-SNP, huandika anwani ambapo RMP inaanzia na inapoishia, na kumwachia msomaji kazi ya kutoa namba ndefu za mfumo wa kumi na sita. Matukio hayo huwekwa katika eneo la mzunguko lenye ukubwa maalumu, ambamo maandishi mapya hufuta ya zamani, kwa hiyo kwenye seva iliyowaka kwa miezi kadhaa mstari huo unaweza kuwa umekwisha kufutika. Tangazo linalotolewa mara moja wakati wa kuwasha mtambo halitoshi kuwa hesabu.

3. Lebo zinazohamishwa hutafuta kumbukumbu wakati ambapo kumbukumbu imekwisha.

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndilo linaloonyesha vizuri zaidi madhara ya kutohesabu. Kumbukumbu inapopungua, kerneli huchukua kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda na kuzihamishia kwenye diski, au, kama ilivyo desturi katika simu, kuzibana na kuziweka katika eneo dogo la kumbukumbu hiyo hiyo kwa njia ya zram. Lebo haziendi pamoja na data ya ukurasa, kwa hiyo kerneli ya arm64 hulazimika kuzinakili kando ili ziweze kurudishwa ukurasa utakapohitajika tena, na kwa kila ukurasa wa KB 4 wenye lebo nakala hiyo ni baiti 128. GB 1 ya kurasa za namna hiyo ikihamishwa yote, nakala za lebo zitafikia MB 32, na MB hizo hutafutwa katika dakika ile ile ambayo kerneli inahangaika kupata kumbukumbu ya kuachilia.

Ugumu huo pengine hauepukiki kwa muundo wa sasa, na haidhaniwi kwamba waliouandika hawakuuona. Kinachoweza kuepukika ni namna unavyofichika. Baiti hizo 128 huombwa kutoka kwa mgawaji wa kawaida wa kerneli, hivyo huingia katika fungu la jumla la vipande vya ukubwa huo, pamoja na vitu vingine vingi visivyohusiana na usalama, na msimamizi anayeona fungu hilo limevimba hawezi kujua kama ni lebo, ni mtandao au ni kasoro ya dereva fulani. Zaidi ya hayo, ombi hilo hufanywa bila alama ya kuitoza gharama kwenye kundi la udhibiti, yaani utaratibu ambao kerneli hutumia kuwekea kila kontena kikomo chake cha kumbukumbu. Kontena moja linaweza kusababisha lebo nyingi zihamishwe, na gharama ikabebwa na mashine nzima, wakiwemo majirani ambao hawakuomba lebo hata moja. Kanuni ya kwamba anayetumia ndiye anayetozwa, ambayo sehemu ya usimamizi wa kumbukumbu imeitetea kwa ukali katika mambo mengine, hapa imeachwa mlangoni.

4. Pale ambapo hesabu imewahi kufanywa, imefanywa vizuri.

Mwaka 2020 kerneli ya arm64 ilipokea staki kivuli inayotengenezwa na mkusanyaji wa Clang. Staki ni eneo ambamo programu huweka, pamoja na mambo mengine, anwani ambayo kazi ndogo itarudi ikimaliza, na mdukuzi anayefaulu kuibadilisha anwani hiyo huweza kuielekeza programu anakotaka. Staki kivuli huiweka nakala ya anwani hiyo mahali tofauti. Kinga hiyo ni ya programu zaidi kuliko ya maunzi, lakini ilikuja na adabu ambayo kinga za maunzi zimeikosa, kwa kuwa tangu siku ya kwanza ililetwa na mstari wake katika /proc/meminfo, uitwao ShadowCallStack, ingawa kiasi chake ni kidogo. Staki kivuli ya maunzi kwa programu za watumiaji katika prosesa za x86, iliyoingia katika toleo la 6.6 mwaka 2023, haikupata mstari. Anayetaka kuijua anapaswa kufungua faili la smaps la kila mchakato, atafute maeneo yenye alama ya herufi mbili, ss, kisha ajumlishe mwenyewe, na kwenye seva yenye maelfu ya michakato zoezi hilo lenyewe hula muda wa prosesa.

Kutenganishwa kwa majedwali ya kurasa kulikofanywa Januari 2018 kwa sababu ya udhaifu wa prosesa uitwao Meltdown kunatajwa hapa kwa haki tu: kunaongeza KB 4 kwa kila mchakato, nazo si za kugombaniwa.

5. Mapingamizi yanayotarajiwa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mstari ukishaingia katika /proc/meminfo hautoki, kwa sababu programu za watu wengine huanza kuutegemea, na kwamba faili hilo tayari ni refu. Pingamizi hilo ni la kweli, ila linahusu mahali pa kuandika na halihusu wajibu wa kuandika. Kumbukumbu inayotumiwa na vielelezo vya kurasa, ambavyo huchukua baiti 64 kwa kila ukurasa wa KB 4 na hivyo kufikia GB 16 kwenye seva ya TB 1, ilikaa miaka mingi bila kuhesabiwa hadharani, kisha mwaka 2024 ikapata vihesabio vyake katika /proc/vmstat, na hakuna mtambo uliosimama kwa sababu hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba eneo lililotengwa na programu dhibiti halijawahi kuwa mali ya kerneli, hivyo kerneli haiwezi kuulizwa habari zake, na kwamba MemTotal, ambayo ni jumla ya kumbukumbu iliyo chini ya kerneli, imepungua kihalali. Jibu limo ndani ya kerneli yenyewe. Kinga ya SGX ya Intel nayo hutumia eneo lililotengwa kabla kerneli haijaamka, na hata hivyo tangu toleo la 5.17 kila nodi ya kumbukumbu ina faili la sgx_total_bytes linalotaja ukubwa wa eneo hilo. RMP ya AMD nayo haifichiki, maana kerneli husoma mwanzo na mwisho wake kutoka kwenye rejista za prosesa na haiwezi kuitumia kinga hiyo bila kuzijua anwani hizo mbili. Anayejua mwanzo na mwisho wa shamba hawezi kusema hajui ukubwa wake.

Pingamizi la tatu, kwamba vihesabio hupunguza kasi, halina uzito kwa majedwali yanayotengwa mara moja na kutobadilika. Kwa nakala za lebo, ambazo huongezeka na kupungua, kihesabio kingegusa njia ya kuhamisha ukurasa, ambayo tayari inajumuisha kubana data au kuiandika kwenye diski, na kuongeza namba moja mbele ya kazi hiyo ni gharama isiyoonekana.

6. Kinachoweza kuharibika.

Kinga isiyojulikana bei yake huzimwa na mtu anayekisia bei hiyo. Baada ya Meltdown na udhaifu uliofuata, hasara ya kasi ilipimwa na kila mtu, ikabishaniwa hadharani, na hatimaye kukawa na kigezo kimoja cha kuwashia kerneli, mitigations=off, kinachozima kinga hizo kwa pamoja; walioamua kukitumia angalau walikuwa na vipimo vya kasi mbele yao. Kwa kumbukumbu hakuna vipimo vya namna hiyo. Msimamizi anayeona seva yake mpya ina kumbukumbu pungufu kuliko aliyoilipia, na asiyeweza kutenganisha kilichochukuliwa na RMP, na kifaa cha picha au na mambo mengine ya programu dhibiti, ataanza kuzima kimoja baada ya kingine, na hakuna sababu ya kutarajia kwamba ataanza na kile kisicho na manufaa.

Watakaoumia zaidi ni wenye kumbukumbu chache. Simu za bei nafuu zenye GB 2 zinazouzwa katika maeneo ya biashara ya Kariakoo na Barabara ya Luthuli kwa kawaida hutumia prosesa za kizazi kisicho na lebo, kwa hiyo leo mzigo huo hauwahusu wanunuzi wake. Lakini teknolojia ya simu ghali hushuka hadi simu rahisi baada ya miaka kadhaa, na sehemu moja ya 32 ya GB 2 ni MB 64, kabla ya kuhesabu nakala zinazohamishwa katika simu ambayo huishi kwa zram. Android hukabiliana na upungufu kwa kufunga programu zilizo nyuma, na mtu aliyeacha fomu ya benki kwa sekunde chache ili asome namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe hurudi akaikuta imefungwa. Mtengenezaji wa simu za aina hiyo, ambaye faida yake ni ndogo, akishindwa kupata takwimu za kuaminika atachagua njia rahisi ya kuuza simu zenye lebo zilizozimwa, na wanunuzi wasio na uwezo wa kuchagua watabaki bila kinga ambayo prosesa yao inayo.

7. Yanayoombwa.

Watunzaji wanaombwa waanzishe chini ya /sys saraka moja ambamo kila kinga ya maunzi inayotenga kumbukumbu itakuwa na faili lake, likitaja kwa baiti kiasi kilichotengwa na kiasi kinachotumika wakati huo, bila kujali kama kilitengwa na kerneli au na programu dhibiti. Mfano upo tayari, kwa kuwa tangu Januari 2018 saraka ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities humweleza msimamizi, udhaifu kwa udhaifu, kama prosesa yake inaathirika na kinga gani imewashwa, na manufaa yake yameonekana hata kwa watu ambao hawajawahi kusoma mstari mmoja wa msimbo wa kerneli. RMP na PAMT zianze, kwa sababu namba zake tayari zinajulikana na kazi iliyobaki ni kuzionyesha.

Nakala za lebo zinazohamishwa zipewe kihesabio chake katika /proc/vmstat, na zitozwe kwenye kundi la udhibiti lililomiliki ukurasa husika. Ikiwa kutoza kutaonekana kuwa hatari kwa sababu hufanyika kumbukumbu ikiwa imebana, basi kihesabio kitangulie na suala la kutoza lijadiliwe baadaye kwa takwimu zitakazopatikana, lakini moja lisifanywe kisingizio cha kuchelewesha la pili. Staki kivuli za watumiaji, za x86 na za arm64, zipate jumla yake ya mashine nzima.

Ombi la mwisho linahusu utaratibu, na ndilo linaloweza kuzuia barua nyingine kama hii kuandikwa. Kiraka chochote kinacholeta kinga mpya inayotenga kumbukumbu kisipokelewe mpaka kieleze katika nyaraka zake kanuni ya kukokotoa gharama hiyo na kilete kihesabio chake, kama ShadowCallStack ilivyofanya bila kulazimishwa. Mkutano wa kila mwaka wa watunzaji wa hifadhi, mifumo ya faili na usimamizi wa kumbukumbu ni mahali panapofaa kulikubali sharti hilo, na kwa kuwa matoleo ya kerneli hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, faili mbili za RMP na PAMT zinaweza kuandikwa, kukaguliwa na kuingizwa bila kuusubiri mkutano huo.

Wasalaam.